Mwongozo Kamili: Jinsi ya Kupanda Mikoko Mjini na Ikapona

Meseji ninazopata kutoka kwa vikundi vya kujitolea zinafanana kabisa, awe mtu wa Mikindani, Tudor, Kunduchi au Mtoni Kijichi: tulipanda miche mingi, siku ile ilikuwa shangwe, tukapiga picha, tuliporudi baada ya miezi michache tukakuta tope tupu na vijiti. Alafu wanauliza tupande tena lini.

Jibu langu ni msipande kwanza. Mikoko inakufa kwa sababu imewekwa mahali ambapo maji yanaifunika muda mrefu kuliko inavyovumilia, au aina sio ya pale, au hamna mtu aliyerudi kuiangalia. Yote hayo yanarekebishika kabla hamjashika mbegu hata moja. Kazi yenyewe iko hatua ya kwanza mpaka ya tatu, kupanda ni asubuhi moja tu.

## Vitu vya kuwa navyo

- Ruhusa ya maandishi kutoka kwa watu wa misitu (nitaeleza hatua ya 1)
- Jedwali la maji kujaa na kupwa la bandari iliyo karibu nanyi, la mwaka huu, la kwenye simu pia linafaa
- Vijiti vya mianzi au fito kama ishirini, urefu mita 2, vimewekwa alama kila sentimita 10 kwa rangi isiyotoka kwenye maji
- Tepu meja na kamba ndefu yenye mafundo kila mita 1
- Hosepaipu ya plastiki inayopitisha mwanga, ile mafundi wa ujenzi wanatumia kupimia usawa wa ukuta
- Koleo na jembe, hata kama hamna mpango wa kuchimba mashimo
- Viatu vya raba vya kufunga kamba vikabana. Gamubuti kwenye tope laini zinabaki chini na mguu unatoka mtupu, hapo ndio watu wanakatwa na chupa na maganda ya chaza
- Glavu nzito, dawa ya vidonda, bandeji na maji ya kunywa ya kutosha
- Vikapu au magunia ya katani ya kubebea mbegu
- Daftari moja la kikundi. Sio daftari la katibu, la kikundi, linakaa mahali panapojulikana

Hela ikiwa kidogo punguzeni tisheti na mabango, msipunguze vijiti vya kupimia.

## Hatua ya 1: Pateni wenyewe wa mahali

Kenya na Tanzania mikoko ni msitu wa hifadhi wa serikali hata ukiwa nyuma ya nyumba yako. Kenya mnaenda Kenya Forest Service, na kama kuna chama cha misitu cha jamii eneo hilo jiungeni nacho badala ya kuanzisha kingine pembeni. Tanzania bara ni TFS, wakala wa misitu wa serikali, Zanzibar ni Idara ya Misitu. Alafu shukeni kwa chifu au serikali ya mtaa, na kwa wavuvi kupitia BMU yao, yaani kile kikundi chao cha kusimamia ufukwe.

Hawa wa mwisho ndio watu wanawasahau. Lile tope mnaloliona halina mtu lina wenyewe: pale ni diko, mahali pa kuegesha mtumbwi wa fulani, pale kina mama wanaokota kombe za kula, pale vijana wanachimba chambo asubuhi. Ukiwapandia mche katikati ya njia yao watang'oa, na mimi sitawalaumu. Kaeni nao chini, waonyesheni mchoro wa eneo, waulize njia zao ziko wapi mziache wazi.

Mjini kuna jambo lingine, viwanja. Sehemu za juu za kriki nyingi (ile mikono ya bahari inayoingia nchi kavu) zimeshamegwa, mtu ana karatasi anasema ni zake, mwingine anamwaga kifusi usiku. Muombeni ofisa wa misitu awaonyeshe mpaka wa hifadhi kwenye ramani kisha mtembee naye chini mpaka muujue kwa miguu. Mkikuta kifusi kipya ndani ya mpaka pigeni picha zenye tarehe na eneo, mpelekeeni yeye na watu wa mazingira, NEMA kwa Kenya na NEMC kwa Tanzania bara. Msigombane na dereva wa lori, hiyo sio kazi ya mtu aliyejitolea.

Mmefanikiwa kama: mna barua mkononi, na angalau mvuvi mmoja na mama mmoja wa kuokota kombe wamekubali kuwa sehemu ya kikundi.

## Hatua ya 2: Jueni mikoko ya zamani iliuliwa na nini

Mahali pasipo na mikoko pana sababu. Ama haijawahi kuota pale, na hapo mnaacha kabisa, ama ilikuwepo ikafa au ikakatwa. Waulizeni wazee. Majibu ya mjini huwa ni haya:

Ilikatwa. Boriti, kuni, mkaa. Kama wanaendelea kukata, mche wenu ni kuni za kesho kutwa, kwa hiyo anzeni kwa kuongea na wakataji.

Maji yalizibwa. Barabara imejengwa bila kalvati, au kuna tuta la shamba la chumvi la zamani, au mlango wa mfereji umejaa taka. Maji hayaingii, au yakiingia hayatoki. Hapa ndio koleo linafanya kazi kubwa kuliko mbegu. Mkipata ruhusa mkafungua mfereji ule wa zamani, maji yakarudi kupanda na kushuka vizuri, mbegu zinaletwa na bahari yenyewe.

Udongo ulifunika mizizi. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi mpaka mikoko ya Mwache pale Mombasa ikafa kwa wingi, kwa sababu mizizi ya mkoko inapumua kwa ile sehemu iliyo juu ya tope, ukiifukia mti unakosa hewa. Kama mto bado unashusha udongo kutoka mashamba ya juu au machimbo ya mchanga, shida iko huko juu.

Mafuta, maji machafu, taka. Chukua tope mkononi. Likinuka kama mayai mabovu ni kawaida ya mikoko. Likinuka dizeli, au likiacha utando wa rangirangi juu ya maji, msipande hapo mpaka chanzo kizibwe.

Mifugo. Mbuzi na ng'ombe wanaupenda mchu, aina mojawapo ya mikoko, wanaula mpaka unabaki kichaka kifupi kisichopanda juu.

Kitu ambacho vikundi havipendi kusikia ni kwamba kama miti mizazi iko karibu na maji yanatembea vizuri, pengine hamhitaji kupanda chochote. Zungusheni eneo, zuieni mbuzi na wakataji, subirini msimu mmoja wa mbegu. Mche uliojiotea umechagua mwenyewe mahali pa kukaa na huwa unashinda ule wa kupandwa. Najua mfadhili anataka picha za watu wakipanda. Mwelezeni kwa heshima ahesabu miti iliyo hai baada ya mwaka badala ya miche iliyopandwa siku moja, wengine wanaelewa wakielezwa vizuri.

## Hatua ya 3: Pimeni kimo cha ardhi

Kama mtasoma hatua moja tu someni hii.

Mikoko haioti popote penye maji ya chumvi. Inaota kwenye ile nusu ya juu tu, kuanzia karibu usawa wa kati wa bahari, yaani katikati ya maji kujaa na kupwa, mpaka pale maji ya bamvua, yale makubwa, yanapofika. Chini ya hapo mche unazama saa nyingi mno, unashikwa na chaza na magamba madogo, unalemewa na uzito na kufa. Sasa kwanini karibu kila kikundi kinapanda chini? Kwa sababu tope tupu la chini halina ugomvi. Juu kuna viwanja, matuta ya chumvi na mbuzi wa watu, chini kweupe, hamna anayelalamika, watu mia wanatosha kusimama kwa picha. Mikoko ya kujitolea mingi imekufia hapo.

Kupima ni rahisi. Siku isiyo na upepo maji yakijaa, uso wa bahari unakuwa usawa mmoja sehemu zote za kriki zilizo karibu karibu, kwa hiyo kina cha maji ndio rula yenu.

1. Maji yakiwa yamekupwa nendeni kwenye mikoko yenye afya iliyo karibu zaidi na eneo lenu. Tafuteni mpaka wa chini ambapo miche michanga inaota yenyewe, chomekeni kijiti. Msiangalie miti mizee peke yake, inaweza kuwa imesimama juu ya tope lililoshaanza kuliwa na mawimbi.
2. Chomekeni kingine kwenye mpaka wa juu, pale mikoko inapoishia upande wa nchi kavu.
3. Chomekeni vijiti kwenye eneo mnalotaka kupanda, juu, katikati na chini.
4. Maji yakijaa watu wasome vijiti vyote dakika ile ile, wanapigiana simu. Andikeni.

Mfano, mpaka wa chini wa mikoko hai umesoma sentimita 120 na eneo lenu limesoma 180. Mko chini kwa sentimita 60, ondokeni hapo. Likisoma 90 mko ndani. Likisoma 20, na mpaka wa juu umesoma 10, mko ndani pia lakini upande wa juu, na aina za pale ni tofauti.

Rudieni siku tatu tofauti, bamvua na maji mafu (zile siku maji yanapanda na kushuka kidogo). Sehemu za juu ambazo maji hayazifikii kila siku tumieni hosepaipu ya fundi: ijazeni maji, ncha moja mtu aishike kwenye kijiti cha mikoko hai na nyingine kwenye eneo lenu, maji ya kwenye hosi yakitulia pimeni kutoka hapo mpaka chini pande zote mbili, tofauti mtakayopata ndio tofauti ya kimo.

Na jambo hili tafadhali lizingatieni. Yale matope tupu ya chini sio ardhi iliyokaa bure. Ndio sahani ya ndege wa pwani wanaokuja kutoka Ulaya na Asia, wengine kama wale wanaokula kaa pale Mida Creek karibu na Watamu, na kina mama wanapata kombe palepale. Majani ya bahari nayo ni malisho na kitalu cha samaki. Kupanda miche juu yake ni kuharibu makazi mawili kwa mpigo, yale mliyoyakanyaga na yale ambayo hamtayapata.

Mmefanikiwa kama: mna mchoro wenye mistari miwili, chini na juu, na kila mmoja wenu anaweza kuionyesha kwa kidole akiwa amesimama pale.

## Hatua ya 4: Chagueni aina kwa kimo

Karibu kila mtu anapanda aina moja, ile inayoitwa mkoko wenyewe, yenye mizizi ya kutambaa hewani, kwa sababu mbegu yake ni ndefu na rahisi kuchomeka. Lakini kila aina ina ngazi yake. Kuanzia baharini kwenda nchi kavu, kwa kawaida:

- Mlilana, mbele kabisa, unavumilia mawimbi na kuzama
- Mkoko, unafuata, kwenye tope laini na kandokando ya mifereji
- Muia na mkandaa, katikati kwenda juu
- Mchu, unaonekana mbele na nyuma pia, huko nyuma kwenye chumvi kali unakuwa mfupi lakini unaishi
- Kikandaa, mkomafi na msikundazi, upande wa nchi kavu au penye maji baridi ya mto

Msikariri hii orodha, nendeni muangalie jirani. Aina inayoota yenyewe kwenye kimo kile kile ndio yenu.

## Hatua ya 5: Kusanyeni mbegu zilizokomaa

Mbegu ya mkoko ikikomaa inatokea pete ya rangi ya njano iliyopauka pale inapoungana na tunda, na ukiigusa inaachia kirahisi. Ukilazimika kuivuta kwa nguvu iache, haijafika. Mkandaa ni vivyo hivyo ila mbegu yake ni fupi na nyembamba. Mchu mnaokota chini, mnaloweka kwenye maji siku moja ganda linavuka. Mlilana mbegu zake ziko ndani ya tunda na ni ndogo sana, kwa hiyo watu wengi huhamisha vimche vilivyojiotea kwa wingi sehemu moja, wanang'oa na donge la tope, na wanaacha vingi kuliko wanavyochukua.

Kagueni mbegu moja moja. Yenye tundu dogo la mdudu, iliyovunjika ncha au iliyonyauka tupeni. Zikae kivulini, zimefunikwa na gunia bichi, na mzipande ndani ya siku chache. Msizibebe kwenye mfuko wa plastiki juani nyuma ya bodaboda, zinachemka.

Kitalu mnahitaji kwa mchu, kwa mlilana, na sehemu zenye kaa wengi wanaokata mbegu changa. Kiwekeni mahali maji yanapofika yenyewe yakijaa, tumieni tope la mikoko, kivuli cha makuti nusu nusu, kisha mwezi wa mwisho mpunguze kivuli ili miche izoee jua.

## Hatua ya 6: Siku ya kupanda

Chagueni siku kwa mwezi wa angani, sio kwa kalenda ya sherehe. Bamvua inakuja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji mafu yanakuja mwezi ukiwa nusu, tarehe 7 au 8 na tarehe 21 au 22 za mwezi mwandamo. Sehemu za chini pandeni maji mafu, ili mbegu ipate siku kadhaa za kushika kabla maji makubwa hayajaivuta. Sehemu za juu kabisa zinazokauka pandeni msimu wa mvua bamvua ikikaribia, ili ziloweke mapema. Kwenye pwani yetu wakati wa bamvua maji hupwa karibu saa 4 asubuhi na kujaa karibu saa 10 jioni, maji mafu ni kinyume chake, lakini saa kamili itazameni kwenye jedwali la siku hiyo.

Gawaneni watu watanowatano, kila kundi na kamba yake, wote wanaingia kwa njia moja na kutoka kwa njia hiyo hiyo. Watu mia mbili wakitembea ovyo kwenye tope wanaua vimche vilivyojiotea vingi kuliko wanavyopanda.

Mbegu ya mkoko inaingia ncha iliyochongoka chini, jicho la majani juu, theluthi ya urefu wake ndani ya tope, bila kuikandamiza kwa nguvu ikachubuka. Waonyesheni watoto kabla hawajaingia, wengi huipindua. Nafasi mita 1 mpaka mita 1 na nusu. Mche wa kitalu unatoa mfuko wote, unashika donge zima, unafukia mpaka usawa wa shingo, na mifuko inahesabiwa wakati wa kurudi ili idadi yake ilingane na ya miche. Mifereji iacheni wazi, ndio njia ya maji, ya samaki wadogo na ya kaa.

Hatari: mtu mmoja abaki nchi kavu na saa, kazi yake ni kupiga filimbi maji yakianza kugeuka. Tope likikufika magotini usivute mguu kwa nguvu, kaa chini utandaze uzito, utoe taratibu.

## Hatua ya 7: Kurudi na kusoma dalili

Rudini baada ya bamvua ya kwanza, kisha kila mwezi kwa mwaka mzima. Wekeni viboksi vitatu au vinne vya mita 10 kwa 10, chini, kati na juu, muhesabu humo tu kila mara. Kila ziara toeni plastiki na mwani uliojisokota kwenye shina.

Mkikuta vifo msikimbilie kupanda tena, someni kwanza:

- Mbegu zimetoweka kabisa: mawimbi, au mmepanda chini mno. Rudini kwenye vijiti.
- Shina limevaa magamba na chaza: linazama saa nyingi, chini mno. Kuyakwangua hakusaidii, yanarudi.
- Limekatwa safi karibu na tope: kaa. Msimuue, mashimo yake ndio yanaingiza hewa kwenye lile tope. Tumieni miche mikubwa ya kitalu.
- Ncha zimeliwa, majani hayapo: mbuzi. Nendeni kwa mwenye mbuzi.
- Majani yana kingo kavu za kahawia, ardhi ina unga mweupe: chumvi kali, maji hayafiki vya kutosha. Aina sio, au mfereji umeziba.
- Shina jeusi, laini: maji yamesimama, au mafuta. Tafuteni chanzo.

Baada ya mwezi mbegu nyingi ziwe zimesimama na ukizigusa hazitikisiki, kisha majani mawili ya kwanza yanafunguka. Mizizi ya kutambaa ya mkoko mtaiona baadaye sana, miaka kadhaa, msihesabu hiyo kama dalili ya mwaka wa kwanza. Mapema zaidi angalieni mashimo mapya ya kaa na vidagaa kwenye mifereji maji yakijaa, wanyama wakirudi mjue tope limeanza kuwa hai.

## Kuhusu hela za kaboni

Mnaniuliza sana kama mtalipwa kwa hewa ya ukaa ambayo mikoko inaihifadhi, kwa hiyo niseme. Mradi wa jamii wa Mikoko Pamoja wa Gazi, Kwale, ulianza 2013, unauza kaboni na hela inaenda kwenye maji na shule za kijiji. Ni kweli, na ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini eneo lao ni hekta 117, sehemu kubwa ni msitu uliokuwepo tayari ambao wanaulinda, na nyuma yao kuna miaka ya utafiti na vipimo. Kipande cha nusu ekari mtaani hakifiki huko, akija mtu anawaahidi hela ya kaboni kwa miche ya mwaka huu na anataka ada ya usajili kwanza, msimpe. Kinachowezekana mjini ni mizinga ya nyuki kwenye mikoko mikubwa, kuuza miche ya kitalu kwa vikundi vingine, na kutembeza wanafunzi.

## Mwaka ukiisha

Hesabuni viboksi mara ya mwisho, linganisheni chini, kati na juu. Boksi lililobaki na chini ya nusu ya miche yake, eneo lile liacheni msipande tena mpaka mjue sababu, nguvu zote zihamie kwenye boksi lililofanya vizuri mpanue kutoka hapo kwa kimo kile kile. Nakala ya daftari mpelekeeni ofisa wa misitu na nyingine ibaki kwa wavuvi, ili kikundi kitakachokuja baadae kisianze kupima upya pale pale mlipokwisha kupima nyinyi.